Mswada wa Mama Verlene

Sehemu ya Tisa

Mkono wa Mheshimiwa Royce Halcomb bado uko juu, pale pale tulipouacha Jumatano iliyopita.

Kwa wewe uliyekosa gazeti siku hiyo: tuko Frankfort, katika chumba cha kamati ya afya ya Bunge la jimbo la Kentucky, Marekani, asubuhi moja ya Machi yenye baridi kali. Mezani kuna mswada wa kupiga marufuku sigara ndani ya baa na migahawa yote ya jimbo. Mwenye mswada ni Halcomb. Aliyeuandika kifungu kwa kifungu ni msaidizi wake, Kendra Stidham. Na shahidi mkuu, aliyeketi mbele na mtungi wake wa oksijeni miguuni, ni Verlene, mama mzazi wa Kendra. Ujana wake wote na utu uzima wake umeishia katika kuhudumia meza za baa ya Goose Creek. Hajawahi kutia sigara mdomoni. Mapafu yake yameoza kwa sigara za wengine.

Kwa miaka mitano mfululizo mswada huu umefia katika chumba hiki. Leo kura zinatosha. Mwenyekiti alikuwa anafungua mdomo kumwita Verlene, ndipo mkono wa Halcomb ukanyanyuka.

"Mheshimiwa mwenyekiti, kabla ya shahidi, nina marekebisho madogo."

Kendra, aliyekaa nyuma yake, alishtuka. Marekebisho yapi? Hakuna hata koma ya mswada ule isiyopita mikononi mwake.

"Endelea, Mheshimiwa."

"Naomba mswada usihusu mahali popote penye leseni ya kuuza pombe." Halcomb alikohoa kidogo. "Wala kumbi za kamari ya bingo. Wala viwanja vya mbio za farasi."

Mtu akacheka kwa nguvu.

Alikuwa Odessa Pettway, mbunge wa kutoka Louisville, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufika mtaa wa pili.

"Royce, hebu nikuelewe. Baa umezitoa. Migahawa yenye bia umeitoa. Bingo umeitoa. Hata farasi umewatoa! Sasa kimebaki nini? Maktaba?"

"Maktaba zimo," alijibu Halcomb bila aibu.

"Maktabani hakuvutwi sigara tangu mimi nina meno ya utoto!"

Watu waliangua kicheko. Kendra hakucheka. Aliinama mpaka sikioni kwa bosi wake.

"Mheshimiwa, unafanya nini?"

"Kaa vizuri, Ken."

"Unauua mswada wako mwenyewe!"

"Nimesema kaa vizuri."

Odessa aligonga meza kwa kiganja. "Mwenyekiti, mama huyu ameamshwa alfajiri, amevushwa milima yote ile na mtungi wake. Hatupigi kura ya upuuzi huu kabla hajasema."

Mwenyekiti aliangalia saa, akamwangalia Halcomb, akaangalia dari. "Tupumzike kidogo," alisema. "Tukirudi, shahidi atasikilizwa."

Kendra alimtazama mama yake. Alitegemea kumwona amechanganyikiwa, au amekasirika. Verlene alikuwa anarekebisha mrija wa oksijeni puani, macho yake chini, kama mtu aliyekwisha kuisikia habari hii.

* * *

Halcomb alitembea haraka. Kendra alimfuata mpaka ofisini, akausukuma mlango kabla haujafungwa.

Hawakuwa peke yao.

Kwenye kiti cha Kendra, nyuma ya meza ya Kendra, alikuwa ameketi Whit Ballard, mtu wa kampuni ya sigara ya Ashlock. Kazi yake ni kuzunguka jengo hili akiwabembeleza wabunge. Siku hiyo alikuwa anakula mkate wenye paja la nguruwe, makombo yakimwangukia kwenye tai.

"Karibu, binti," alisema. "Samahani, nimekalia kiti chako."

"Toka."

"Ken!" Halcomb alifoka.

"Huyu ndiye aliyekuandikia marekebisho?"

Halcomb alikwenda dirishani. Ukutani, nyuma yake, zilining'inia picha za miaka mitano: Halcomb na madaktari, Halcomb na wauguzi, Halcomb amemkumbatia Verlene mbele ya kamera huku machozi yakimtoka.

"Ulilia," Kendra alisema, akionyesha picha ile. "Ulimshika mama yangu, ukalia mbele ya jimbo zima. Ukasema ulikosea zamani ulipokuwa ukisimama bungeni kutetea baa. Ukasema umebadilika."

"Nilibadilika kweli. Na nililia kweli."

"Na leo?"

"Leo pia nasema ninachokiamini. Mtu na baa yake ana haki yake." Aligeuka. Uso wake ulikuwa umechoka. "Wewe bado kijana. Unadhani mtu huamini kitu kimoja tu maisha yake yote?"

"Nadhani mtu halipwi kuamini."

Ballard alicheka, akafuta mdomo.

"Royce, mwambie. Ameshakua."

"Nyamaza, Whit."

"Basi nitamwambia mimi." Ballard aliegemea kiti. "Binti, zamani, Royce alipokuwa anapinga mambo haya ya kuzuia sigara, sisi Ashlock tulikuwa tunampa nini kwenye kampeni? Hela ya kahawa. Mtu aliye upande wako tayari, wa nini kumbembeleza? Akaanza kubeba mswada wako. Tukatishika. Tukaanza kumpa hela ya maana. Madaktari nao wakampa. Kila mwaka anautoa, tunamtembelea, mswada unalala kwenye kamati, tunarudi nyumbani wote tumefurahi."

Kendra alizitazama tena picha za ukutani.

"Mwaka huu wewe umeharibu," Ballard aliendelea, sauti yake ya upole kabisa. "Ukapiga simu. Ukazunguka milango. Ukazitafuta kura mpaka zikapatikana. Nani alikutuma?"

Kendra alimgeukia Halcomb. "Yeye."

Halcomb alikuwa anaangalia nje tena.

"Alikutuma uzitafute," Ballard alisema. "Hakukutuma uzipate."

Msomaji wangu, kuna matusi ambayo mtu hutukanwa akakasirika, na mengine hutukanwa akaona kizunguzungu. Miaka mitano! Kendra alikuwa ameacha shule ya sheria kwa ajili ya mswada ule. Alikuwa ameachana na mchumba. Na kumbe alikuwa amepewa kazi ya kumpigia bwana ngoma.

Alijikaza.

"Sawa. Waandishi wako pale nje. Natoka sasa hivi, nawaambia yote haya, kama ulivyoyasema."

Alishika kitasa cha mlango. Hakuna aliyemzuia. Hilo ndilo lililomtia hofu.

"Nenda," alisema Halcomb polepole. "Ila kamuulize mama yako kwanza."

* * *

Verlene alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbini, chini ya sanamu ya gavana mmoja wa zamani. Mtungi ulikuwa unatoa mlio wake mdogo, tss, tss. Alipomwona binti yake anakuja mbio, alisogea kumpa nafasi.

"Usikimbie kwenye marumaru, utavunjika."

"Mama, Halcomb amekwambia nini?"

"Kaa kwanza."

"Sikai. Amekwambia nini?"

Verlene alivuta pumzi. Kwa Verlene hiyo ilikuwa kazi, siku hizi. Ilibidi mtu asubiri.

"Alikuja nyumbani Jumapili, baada ya kanisa."

"Hukuniambia!"

"Alikula maharage na mkate wa mahindi. Akaongeza."

"Mama, sijakuuliza alikula nini!"

"Punguza sauti, watu wanatuangalia." Verlene alimvuta mkono mpaka akakaa. "Alisema Ashlock wanajenga ghala jipya hapo kwetu Marlowe, pale ulipokuwa mgodi. Wanataka watu. Akasema Dwayne anaweza kuanza Jumatatu. Kazi ya kudumu. Yenye bima."

Dwayne ni kaka yake Kendra. Alikuwa mchimbaji wa makaa mpaka jiwe lilipomwangukia mgongoni. Daktari akampa vidonge vya maumivu. Vidonge vikamla yeye, vikala ndoa yake, nyumba yake, hata bunduki ya marehemu baba yao. Sasa ana miezi kadhaa tangu atoke kituo cha matibabu, anakunywa dawa ya kumsaidia aviache. Kila asubuhi anakaa kibarazani kwa mama yake akiangalia barabara, na kila asubuhi Verlene anachungulia kuhakikisha bado yupo.

"Ukamwambia nini Halcomb?"

"Nikamwambia sawa."

"Sawa nini, Mama?"

"Kwamba nitasema wanavyotaka niseme."

"Mama!"

"Usiniite hivyo, kama vile nimeiba." Macho ya Verlene yalikuwa makavu. "Kendra, unataka nifanye nini? Huo mswada wako ukipita leo, mimi nitapona?"

"Wengine hawataumwa. Wale wasichana wa Goose Creek. Tiffany ana mimba, anabeba vinywaji humo humo ndani ya moshi. Ulisema mwenyewe!"

"Nilisema."

"Basi?"

"Basi Tiffany si mwanangu."

Kendra aliinamisha kichwa. Verlene alimpapasa mgongoni, kama alivyokuwa akimpapasa utotoni akitapika.

"Sikiliza. Mapafu yangu hayarudi. Dwayne anaweza kurudi. Jana alinyoa ndevu. Alinyoosha shati lake mwenyewe, akaniuliza linampendeza. Unajua ni lini mara ya mwisho kaka yako aliniuliza shati linampendeza?"

"Watakudanganya, Mama. Hawa watu wanadanganya kila mtu."

"Leo ni Jumatatu. Ameondoka asubuhi hii kwenda kazini na chakula nilichomfungia mimi. Hilo ni uongo?"

Kengele ya kamati ililia. Verlene alishika mpini wa mtungi wake, akasimama kwa shida.

"Usiniaibishe mle ndani," alisema. "Umenisikia? Usinisahihishe."

* * *

Waliporudi, Ballard alikuwa amekaa mstari wa nyuma, mikono kifuani. Mwenyekiti alimwapisha Verlene. Sauti ya Verlene ilitoka nyembamba kwenye kipaza sauti.

"Bi. Stidham," alianza Odessa Pettway, na safari hii aliongea taratibu, kwa heshima, "ulifanya kazi Goose Creek muda mrefu."

"Tangu sijaolewa."

"Kulikuwa na moshi?"

"Kulikuwa na moshi."

"Na daktari wako amesema nini kuhusu mapafu yako?"

Mtungi ulisema tss, tss.

"Madaktari wanasema mengi, mama. Mimi nimekulia kwenye makaa. Baba yangu alikuwa mchimbaji, mume wangu mchimbaji, mwanangu mchimbaji. Nguo zao nilikuwa nazikung'uta na kuzifua kwa mikono. Vumbi lile nimelivuta mpaka basi."

Odessa aliweka kalamu chini.

"Unataka kuiambia kamati hii kwamba si sigara?"

"Nasema sijui. Nasema sitaki mtu afungiwe baa yake kwa sababu yangu. Delmar, mwenye Goose Creek, hakuniachisha kazi nilipobaki mjane na watoto wawili. Mheshimiwa Halcomb ameniuliza, nikamwambia marekebisho yake ni ya haki."

Mnong'ono ulizunguka chumba. Waandishi waliinama wakaandika. Halcomb aliitikia kwa kichwa, kwa huzuni, kama mtu anayekubaliana na mjane msibani. Laiti ungeuona uso ule! Ulikuwa uso ule ule wa kwenye picha.

"Bi. Stidham," Odessa alisema, "mwaka jana ulikaa kwenye kiti hicho hicho. Ulituambia kwamba wateja walikuwa wakikupulizia moshi usoni ili wakuone unakohoa, wacheke. Ulituambia binti yako alikuwa akikuogesha ukirudi, kwa sababu harufu ilikuwa haitoki kwenye nywele. Ule ulikuwa uongo?"

Verlene alijaribu kujibu. Kikohozi kikamwahi. Alikohoa mpaka akajikunja, mishipa ya shingo imemsimama, na watu wazima wenye suti wakatazama mezani kwa sababu hakuna aliyejua atazame wapi.

Mwenyekiti alisubiri. Kisha akasema, "Kuna mwingine yeyote anayetaka kusema neno kuhusu jambo hili?"

Kendra alisimama.

Chumba kizima kiligeuka. Ballard alikunjua mikono. Halcomb alifumba macho.

Alikuwa nayo yote kichwani: hela ya kahawa, hela ya maana, kura za kutafutwa zisipatikane, Jumapili ya maharage. Sentensi chache tu. Kinywa chake kilikuwa kimeshafunguka.

Verlene alimgeukia. Mdomo wake ulikuwa umekuwa wa bluu. Alimtazama tu binti yake, kwa macho ambayo Kendra aliyajua tangu siku walipomkuta Dwayne bafuni hapumui, na mama yao akapiga magoti akimgonga kifua na kuliita jina lake.

"Ndiyo, Bi. Kendra?" mwenyekiti aliuliza. "Unataka kusema?"

"Maji," alisema Kendra. "Nilitaka kumpelekea shahidi maji."

Akatembea mbele ya wote, akamimina maji, akamshikia mama yake glasi mpaka akanywa.

Kura ikapigwa. Marekebisho yakapita. Mswada, au maganda yake, ukapita kwa kishindo, na Halcomb akasimama kuishukuru kamati kwa kulinda afya ya watu wa Kentucky. Wapo waliompigia makofi.

* * *

Ukumbini, Odessa Pettway alimpita Kendra, akasimama, akarudi.

"Wewe ndiye uliyenisumbua kwa simu msimu wote wa baridi," alisema. "Hata siku ya harusi ya mwanangu ulinipigia. Nilimwambia mume wangu, yule binti wa Halcomb, yule anamaanisha."

"Nilimaanisha, Mheshimiwa."

"Na pale uliposimama?"

Odessa alimtazama kidogo, si kwa hasira. Ingekuwa hasira ingekuwa nafuu. Akaondoka, viatu vyake vikigonga marumaru mpaka mwisho wa ukumbi.

Verlene alikuwa benchini, amechoka, lakini usoni kulikuwa na kitu kama amani. "Yamekwisha," alisema. "Twende nyumbani. Dwayne akitoka kazini nataka akute chakula cha moto."

Ballard alipita karibu akivaa koti. Aliinama, akampa Verlene mkono.

"Asante sana, mama. Umeongea vizuri."

"Nikushukuru wewe," Verlene alisema. "Kwa ajili ya mwanangu. Kwa kazi ile."

"Mwanao?" Ballard alikunja uso, akifikiri. "Ah, kijana wa Marlowe. Hayo ni ya watu wa ajira, mama. Mimi nilipeleka jina tu."

Akaenda zake.

Kendra alimtazama hadi akapotea mlangoni. Kisha akawasha simu yake, aliyokuwa ameizima kabla ya kikao. Ilitetemeka mfululizo. Dwayne. Dwayne. Dwayne. Mara zote kabla hata Verlene hajaapishwa. Kulikuwa na ujumbe wa sauti. Akaiweka simu sikioni, akageukia ukuta.

"Ken, wamenirudisha getini." Kaka yake alikuwa anahema. "Wamenipima mkojo. Nikawaambia ni dawa ya daktari, ya kunisaidia kuacha, nina cheti. Yule jamaa akacheka. Akasema mtu wa dawa hizo hawamchukui, na kwamba ofisi ya Halcomb waliambiwa hivyo tangu Ijumaa. Tangu Ijumaa, Ken! Mwambie Mama asiwafanyie kitu. Mwambie aseme yote. Mwambie asinifanyie mimi chochote." Mlango wa gari ulibamizwa. "Niko kwa akina Cody. Nitakaa kidogo tu."

Ujumbe ukakatika.

Cody. Marlowe nzima wanamjua Cody na nyumba yake ya magurudumu kando ya reli. Ndiye aliyekuwa akimuuzia Dwayne vidonge daktari alipokataa kuongeza.

Ijumaa. Halcomb alikula maharage ya mama yake Jumapili.

"Ni nani?" Verlene aliuliza kutoka benchini. "Ni Dwayne? Ameanza vizuri?"

Kendra alibaki ameutazama ukuta.

Na hapo hapo simu ikaita mkononi mwake. Jina la Dwayne likawaka kwenye kioo. Kabla Kendra hajageuza mkono, Verlene alikuwa amekwisha kusogea na mtungi wake, ameinyakua, ameiweka sikioni, uso wake wote umechanua.

"Haloo, mwanangu! Wamekupa mapumziko? Umekula nilichokufungia?"

Kendra alimwona mama yake akisikiliza. Aliona tabasamu likibaki pale pale usoni, kama kitu kilichosahauliwa, huku macho yakianza kuhangaika.

Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya mwanamume. Haikuwa ya Dwayne. Kulikuwa na ving'ora nyuma yake, na mtu akiliita jina la Dwayne, analirudia, analirudia.

"Ndiyo," Verlene alisema. "Mimi ni mama yake."

Akashika mkono wa Kendra kwa nguvu.

"Sema tu. Nakusikiliza."